Tumevuka Bahari Kunywa Juisi ya Boksi?

Jamani watu wa Bagamoyo wenzangu, hivi ni mimi tu? Tumejibana mwaka mzima na mume wangu, tukapanda boti hadi Unguja, tukafikia hoteli moja ya ufukweni, zile zenye matawi nchi kibao. Tukaambiwa kila kitu kimeshalipiwa. Kitu gani hasa?

Asubuhi maharage ya kopo, soseji, na mkate wa boflo mkavu wa kujengea ukuta. Juisi ya nanasi? Ya boksi! Mimi ninayetoka wilaya yenye mananasi ya Kiwangwa, nimevuka bahari kunywa maji ya sukari yaliyotiwa rangi? Na chai ndiyo iliyoniua. Kifuko kwenye uzi, maji ya uvuguvugu. Zanzibar hiyo! Visiwa vya karafuu, iliki na mdalasini, halafu kikombe hakina hata harufu! Nikamwomba kijana wa jikoni urojo, au japo mkate wa kumimina. Akanijibu kwa upole, "Dada, menyu inatoka makao makuu." Makao makuu gani hayo yasiyojua urojo?

Kiyoyozi kinanguruma kama mashine ya kusaga. Bomba la bafuni linadondosha machozi.

Lakini lililonichoma ni getini. Wazungu wanapita huku wakichekewa. Mimi, na utepe wa hoteli mkononi, nasimamishwa: "Mama, unamtafuta nani?" Siku nne, kila siku! Namtafuta nani? Nakitafuta kitanda changu nilichokilipia! Nani mwingine yamemkuta haya?