Tunaoana, Hatuuani

Nianze kwa kukiri: kadi niliitengeneza mimi. Mke wangu, wakati huo akiwa bado mchumba, alikuwa ameshalala. Aliniachia kazi moja tu, ambayo hata mtoto angeiweza. Kuandika neno moja.

Ila kwanza niwaeleze tulivyofika hapo, msije mkadhani mimi ni mzembe tu. Ni mzembe, lakini kwa hatua.

Tulipovishana pete tuliweka picha mtandaoni jioni ileile: mkono wake, pete, na ukingo wa sikio langu. Kufikia asubuhi simu ilikuwa imeshajua kila kitu. Nilitazama tao moja la maua kwa sekunde chache, kwa mshangao tu, basi wiki nzima nikawa naletewa matao. Wiki ya pili zikaanza nepi. Simu ilikuwa na haraka kuliko mama yangu, na mama yangu hana subira hata kidogo.

Mchumba wangu akafungua ubao wa siri kule Pinterest, ule ambao mtu haoni kitu mpaka umwalike. Akanialika. Nikakuta picha 412. Nikauliza kwa upole ipi kati ya hizo ndiyo harusi yetu, akasema zote. Kulikuwa na harusi ya ufukweni, ya msituni, ya ghalani, na moja ya mlimani kwenye theluji, na sote wawili tunaogopa baridi. Nami nikaona nichangie, nikabandika picha niliyoipenda: mishumaa mingi imening'inizwa kwenye mti. Kesho yake haikuwepo. Sikuuliza, hakueleza. Ndoa ilikuwa imeshaanza.

Yakaja magrupu ya WhatsApp. Yalikuwa matatu: la familia, la marafiki, na la sisi wawili tu, kwa ajili ya kusema yale ambayo hayakufaa kwenye yale mengine mawili. Shangazi yangu akaomba awe admini kwenye la familia, "nisaidie saidie." Grupu la WhatsApp lina uwezo wa kubeba watu 1,024, na shangazi alilipokea hilo kama lengo. Kila nikiamka nakuta kuna namba mpya kumi na mtu mmoja anayeuliza hili ni grupu la nini.

Humo ndimo tulipopiga kura ya rangi. Kura ya WhatsApp inaruhusu chaguo 12, mchumba wangu akazijaza zote 12, na tisa kati yake zilikuwa nyeupe: nyeupe ya theluji, nyeupe ya lulu, nyeupe ya chokaa, nyeupe iliyofifia. Kitu tusichokijua ni kwamba kura hiyo, usipoizuia, inamruhusu mtu kuchagua zaidi ya jibu moja. Ndugu zangu ni watu wasiopenda kumuudhi mtu. Walichagua zote. Mjomba peke yake ndiye aliyechagua moja, akaandika chini yake, "Nimebonyeza kwa bahati mbaya."

Sasa hashitagi. Ile alama ya reli na neno lake, ambayo kila mgeni akiposti picha anaiambatanisha, nanyi baadaye mkiitafuta mnazikuta picha zote mahali pamoja. Mtindo huo aliupendekeza Chris Messina kule Twitter mwaka 2007, kukusanya mazungumzo ya watu wa kundi moja; nadhani hakuwa na mjomba wangu akilini. Haikubali nafasi kati ya maneno, na haijali herufi kubwa wala ndogo. Ukiikosea, umeikosea moja kwa moja.

Shida ni kwamba mazuri yote yalikuwa na wenyewe. Tukajaribu #MilelePamoja, tukakuta maharusi wa watu wasiohesabika, na mbwa wawili waliovishwa shela. Tukajaribu #SikuYetuKuu, tukatua kwenye mahafali. Tulibishana siku nne. Mwisho mchumba wangu akapata la kwetu hasa. Uchumba wetu ulikuwa umefikisha miaka sita, na ndugu walikuwa wameanza kutuulizia harusi kwa ile sauti ya kuulizia hali ya mgonjwa. Basi tukawajibu kwa hashitagi: #TunaoanaKweli.

Ilikuwa nzuri. Bado naona ilikuwa nzuri.

Saa saba usiku, nimejilaza, naikamilisha kadi kwenye simu. Na hapa inabidi niwataje wenzangu wa mpira. Tuna grupu letu, na kila wiki kabla ya mechi tunatishana. "Jumamosi tunauana!" "Wiki hii tunauana hadi jioni!" Miaka minne sasa. Kibodi ya simu nayo hujifunza maneno unayoyaandika mara kwa mara, ikakuletea kabla hujayamaliza. Neno "tunaoana" nilikuwa sijawahi kuliandika hata siku moja. Mimi nilikuwa mtu wa "ile shughuli", "lile jambo", "hiyo tarehe". Kwa hiyo nilipogusa T, u, n, a, simu ikanitambua, ikaniletea neno langu la siku zote. Nikalibofya. Nikaongezea "Kweli".

Jaribuni kuiona kadi yenyewe. Njiwa wawili juu. Maua kila pembe. Majina yetu kwa dhahabu. Tarehe, saa. Halafu katikati, kwa zile herufi za mapambo zilizojikunja hadi u na o zinafanana kama mapacha: #TunauanaKweli. Na chini yake, "Njoo ushuhudie."

Nikaituma kwenye grupu la familia na la marafiki, nikaiweka na kwenye status, nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

Niliamka saa mbili asubuhi. Ujumbe 217. Nikatabasamu, nikasema moyoni, watu wanatupenda.

Wa kwanza ulikuwa wa mjomba: "Nimeiona. Nani ameanza?"

Wa pili ulitoka kwa mzee aliyepangwa kutufungisha ndoa, mtu mpole asiyeandika ovyo: "Nawaomba mfike kwangu nyote wawili kabla ya tarehe hiyo. Msije na kitu chochote mkononi."

Mpiga picha alitaka kujua kama tunaweza kumlipa zote mapema. Wenzangu wa mpira, kwa upande wao, hawakuona tatizo lolote. Mmoja aliuliza tu kwa nini safari hii tunacheza tumevaa suti. Mama ndiye aliyepiga. Hakusalimia. "Mwanangu, uko peke yako hapo chumbani?" Nikamwambia ndiyo. "Basi funga mlango, tuzungumze."

Nilipoelewa, nikakimbilia kufuta. WhatsApp inakupa zaidi ya siku mbili za kumfutia kila mtu ujumbe wako, kwa hiyo nilifanikiwa, kama kufanikiwa ndiko huku: pale palipokuwa na kadi pakabaki maandishi "Ujumbe huu umefutwa", na wale ambao walikuwa hawajaiona wakaamka kuuliza ilikuwa nini. Waliokuwa nayo wakawaonyesha. Nusu saa baadaye kadi yangu mwenyewe ikanirudia kutoka kwa shangazi, ina ile mishale miwili ya ujumbe uliosambazwa mara nyingi. Mishale ile haitokei mpaka kitu kimeshapita mikono mitano. Shangazi alikuwa ameandika: "Angalieni vijana wa siku hizi." Nadhani hakujua kwamba anamtumia kijana mwenyewe.

Nikaanza kuwajibu watu mmoja mmoja. Mjomba, tunaoana. Dada, tunaoana. Mzee wangu shikamoo, ni kosa la uandishi, tunaoana. Niliandika "tunaoana" kama mara arobaini hivi, na mara za mwisho nilikuwa nagusa herufi mbili tu, simu inamalizia yenyewe. Nikafurahi kuona inajifunza.

Nikaona niandike tangazo moja rasmi, la heshima, limalize mjadala. Nililitunga kwa makini. Lilisema hivi: "Ndugu, jamaa na marafiki. Mimi na mchumba wangu tunasikitishwa na taarifa iliyowafikia usiku wa kuamkia leo. Tunapenda kuwajulisha rasmi kwamba hatuuani. Tunaomba radhi kwa usumbufu, na tunawashukuru kwa upendo wenu katika kipindi hiki."

Ndivyo nilivyoandika. Simu, ambayo asubuhi nzima ilikuwa imefundishwa kwa viboko kwamba katika nyumba hii hakuna kuuana, ilibadilisha neno moja.

"Tunapenda kuwajulisha rasmi kwamba hatuoani."

Nikatuma bila kusoma tena, nikaiweka simu kwenye chaji, nikaenda kuoga. Niliimba bafuni. WhatsApp inakuruhusu kuuhariri ujumbe ndani ya dakika 15 tangu uutume. Mimi nikiwa na furaha huoga dakika ishirini.

Rudini msome lile tangazo upya mkiwa na neno hilo ndani yake. Kila sentensi inakaa sawasawa. Hata mimi nilipolisoma na taulo kiunoni nilijionea huruma.

"Poleni sana." "Mungu ana makusudi yake." "Bora sasa kuliko baadaye." Dada yangu mkubwa: "Nilijua." Mpiga picha: "Kianzio hakirudishwi." Mtu nisiyemfahamu, mmoja wa wale wa shangazi, aliuliza kama ukumbi bado umelipiwa tarehe ile, kwa sababu yeye ana mtu. Mama mkwe hakuandika neno. Aliweka emoji ya mikono miwili iliyokutanishwa, basi. Mpaka leo sijajua ilikuwa ya pole au ya shukrani.

Halafu wakaanza kuondoka. Siku hizi mtu akitoka kwenye grupu hatangazwi mbele ya wote, wanaarifiwa maadmini peke yao, kwa hiyo msiba huo tulikuwa nao mimi na shangazi tu. Ametoka. Ametoka. Ametoka. Shangazi, aliyekuwa amehangaika miezi mitatu kutafuta watu 1,024, alinipigia akilia.

Na mchumba wangu? Alikuwa kazini, kwenye kikao, simu mfukoni. Habari kwamba ameachwa alizipata kutoka kwa mwenzake aliyeketi kando yake, ambaye naye tulimwalika.

Simu yake ilipoingia niliitazama ikiita mpaka ikakaribia kukatika.

"Kwa hiyo," akasema taratibu, "usiku tunauana, asubuhi hatuoani. Mchana ratiba inasemaje?"

"Mpenzi, ni kibodi."

"Kibodi ndiyo ninayoolewa nayo?"

Nikaanza kumweleza habari ya wenzangu wa mpira, jinsi simu inavyojifunza maneno, jinsi u na o zilivyotenganishwa na herufi moja tu kwenye kibodi. Mtu mwenye kosa huwa na maelezo ya kitaalamu sana. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniomba nifanye kitu kimoja: nimpe yeye uadmini kwenye magrupu yote, kabla hajakata simu, yeye akisubiri. Nikafanya huku naye akihesabu kwa sauti.

Baada ya hapo alitoka nje ya ofisi akajirekodi video ya sekunde 11. Hakuvaa tabasamu. Alisema: "Habari zenu. Harusi ipo, tarehe ileile. Huyu bwana hajui kuandika." Akaituma. Kelele zote zikakoma palepale. Mimi nilikuwa nimeandika mamia ya maneno tangu asubuhi.

Waliotoka wakarudi, na wakarudi na wenzao. Kadi mpya ilitengenezwa na yeye, na neno tuliliangalia wote wawili, herufi kwa herufi, mimi nikiwa nimekatazwa kugusa. #TunaoanaKweli. Tukalichapa na kulisimamisha mlangoni kwenye ubao mkubwa.

Siku yenyewe ilipita kama zinavyopita, sikumbuki nusu yake. Mjomba alikuja na zawadi kubwa iliyofungwa vizuri kwa utepe: sanduku la huduma ya kwanza. Bandeji, pamba, mkasi, dawa ya kidonda. Alisema hajui mambo ya mtandao ila yeye aliyoyaona ameyaona.

Usiku tulikaa kitandani na simu zetu kutafuta picha. Tukaandika hashitagi yetu. Zikatoka tisa, sita kati yake nikiwa nimeziposti mimi. Tukatazamana. Mke wangu akachukua simu yangu, akaandika ile nyingine.

Zilikuwa humo zote. Sisi tukiingia, sisi tukicheza, shangazi juu ya kiti, mzee wetu mpole akicheka hadi miwani imemtoka. Picha baada ya picha, tumependeza, tumeshikana mikono, na chini yake watu wazima wenye akili zao wameandika #TunauanaKweli. Ya juu kabisa ilikuwa ya mama mkwe: picha yangu mimi, nimefumba macho, na baada ya neno lile ameweka ile mikono miwili.

Nikamuuliza mke wangu kama nimwandikie mama, nimwombe airekebishe.

"Usiandike kitu," akasema, akaiweka simu yangu upande wake wa kitanda.