Wanaohesabu mbu wana kazi

Juzi nilikuwa nasikiliza redio. Msikilizaji mmoja akapiga simu, akauliza kwa hasira: hospitali hazina dawa, halafu kuna watu wanalipwa kwenda porini kuhesabu mbu, kwa faida ya nani? Mtangazaji akamuunga mkono. Nikazima redio, lakini swali lenyewe limenikaa kooni hadi leo.

Jibu lake liko Uganda, kwenye kijisitu cha Zika, jirani na Entebbe. Aprili 1947 watafiti wa homa ya manjano walikuwa wamemweka tumbili kwenye tundu juu ya mti, wakisubiri aumwe na mbu. Tumbili huyo, namba 766, akashikwa na homa. Damuni mwake hawakukuta homa ya manjano waliyokuwa wakiisaka. Walikuta virusi ambavyo hakuna aliyekuwa amewahi kuviona. Januari 1948 wakavikuta tena, safari hii ndani ya mbu wa msitu uleule, Aedes africanus.

Miongoni mwao alikuwepo Mskoti Alexander Haddow, mtaalamu wa wadudu, na ndiye ninayemheshimu kuliko wote. Alitaka kujua mbu gani anauma saa ngapi, na akiwa umbali gani kutoka ardhini. Hilo hulijui ukiwa mezani. Watu walikaa kwa zamu kwenye majukwaa mitini, saa 24, wakikamata kila mbu aliyetua mwilini mwao. Baadaye ukasimamishwa mnara wa chuma wa futi 120 humo Zika, ukipita vilele vya miti. Ndipo ikaeleweka kwamba mbu wa chini si mbu wa juu, na kwamba Aedes africanus huchachamaa huko juu jua likishazama.

Na kule Bwamba, magharibi mwa Uganda, wakaona jinsi homa ya manjano inavyoshuka kutoka msituni hadi kwa mtu. Kima huingia shambani kuiba ndizi. Pale jani la mgomba linapoungana na shina hutuama maji kidogo tu ya mvua, na humo huzaliana mbu mwingine, Aedes simpsoni. Anamuuma kima, siku kadhaa baadaye anamuuma mwenye shamba. Maji yasiyojaza hata kikombe! Nani angeyatilia maanani kama asingekuwepo mtu wa kukaa migombani akihesabu?

Usiku mmoja nilimshikia tochi rafiki yangu anayefanya kazi hiyo. Alikunja suruali hadi gotini, akanyamaza. Mbu akitua mguuni, anamvuta taratibu kwa mrija wa kunyonyea, anampuliza kwenye kikombe cha karatasi kilichofunikwa kipande cha chandarua. Kila saa kikombe kipya, na saa inaandikwa ubavuni. Nilichoka kabla ya saa nne usiku. Yeye alikaa hadi alfajiri.

Kuhusu dawa, sawa, yule msikilizaji ana haki. Nami nimewahi kutoka zahanati na cheti mkononi bila hata kidonge. Lakini mbu wa rafiki yangu hajawahi kuwa ndiye aliyekula fedha za vidonge.

Virusi vya Zika vilikaa miaka mingi bila kumshtua mtu, wagonjwa waliothibitishwa wakihesabika kwa vidole. Mwaka 2007 vikalipuka kisiwa cha Yap, katika Bahari ya Pasifiki. Mwaka 2015 vikagunduliwa Brazil, akina mama wakaanza kujifungua watoto wenye vichwa vidogo, na tarehe 1 Februari 2016 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura. Siku hiyo madaktari hawakuanzia gizani. Virusi vilikuwa na jina, na ilishajulikana kuwa vinabebwa na mbu wa jamii ya Aedes. Yote hayo yalitoka kwa watu waliokaa mitini wakiumwa, miongo saba nyuma, wakisaka ugonjwa mwingine kabisa. Chikungunya nayo, homa nyingine ya mbu ambayo jina lake ni la Kimakonde, ilitambuliwa hukuhuku kwetu Tanzania miaka ya 1950, na haijaacha kutukunja viungo.

Mradi wa rafiki yangu umefungwa mwaka jana, fedha zimekwisha. Daftari zake za usiku ule zimo kwenye boksi chini ya kitanda, kila mbu na saa yake. Amekataa kuzitupa.