Hiari ya Debe Moja

Jumamosi iliyopita nilimwakilisha kaka yangu kwenye mkutano wa wazazi, shule anayosoma mwanawe, huku Dodoma vijijini. Kaka alikuwa mnadani na mbuzi wake. "Kanikalie tu," akaniambia, "wala usiongee." Nilijitahidi hadi ajenda ya tatu.

Ajenda ya tatu ilikuwa chakula. Mwalimu mkuu akasoma: kila mtoto debe moja la mahindi, kilo 5 za maharage na shilingi 6,000 za mpishi, chumvi na mafuta. Waliochanga hawafiki nusu. Kisha, kwa sauti ileile, akasoma taarifa aliyoipeleka wilayani: shule inatoa chakula. Nikageuka kulia na kushoto, hakuna aliyeguna. Na kusema kweli mwalimu hajadanganya. Chakula kinatolewa. Nani anakila, hiyo fomu haikuuliza.

Tukumbushane. Mwaka 2016 ilipoanza elimu bila malipo tulishangilia. Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango shuleni, tukashangilia tena, na mimi nilikuwa mbele, maana mchango wa mlinzi na wa madawati ulikuwa umetutoa jasho. Lakini tumbo la mtoto halisikilizi taarifa ya habari. Mahindi yakarudi kwa mlango wa uani, safari hii yamebandikwa jina zuri: hiari.

Hiari ya nani?

Saa nne kengele inagonga. Mwalimu wa zamu anatoka na daftari, anaita majina. Walioitwa wanapanga foleni na vikombe vyao vya plastiki. Wasioitwa wanaambiwa wakacheze. Wakacheze! Mtoto aliyetoka kwao alfajiri, akatembea kilomita kadhaa, hajatia kitu mdomoni, aende akacheze, na harufu ya uji inamfuata hadi uwanjani. Huyu wa darasa la pili alikaa kikao gani akakataa kwa hiari yake? Debe lake pengine babake alilinywa kilabuni mwezi wa saba. Wapo wanaojipenyeza kwenye foleni, na wakikamatwa wanatolewa mbele ya wenzao kama wezi. Asubuhi paredi tumewaimbisha uaminifu, saa nne tunawasomesha kudoea.

Mpwa wangu ameniambia yeye na rafiki yake wana utaratibu wao: anakunywa nusu, nusu anampelekea mwenzake nyuma ya vyoo. Nyuma ya vyoo, jamani.

Nilipouliza, mwalimu mkuu akanijibu kwa upole: "Mheshimiwa mzazi, nikiwalisha wote, mwakani hata hao waliochanga hawataleta." Sipendi kukiri, ila hapo ana hoja. Wazazi nasi ni waongo. Mzee mmoja alisimama akalia mvua, akalia panya, akalia mkopo. Mzee huyohuyo Agosti alitoa elfu hamsini kwenye kamati ya harusi, na nilijua kwa sababu jina lake lilitangulia langu kwenye kundi la WhatsApp. Mchango wa harusi hakuna anayeuita wa hiari. Usipotoa, utapigiwa simu na shangazi watatu.

Lakini kuna asiyenacho kweli. Kuna bibi pale analea wajukuu wanne, na kwa hesabu ya shule anadaiwa madebe manne. Kijiji kizima kinamjua. Mwenyekiti anamjua, mtendaji anamjua, diwani anamjua hasa mwaka wa uchaguzi. Kumwandika kwenye orodha ya msamaha, na watoto wake wakala, kunahitaji semina gani?

Na semina zipo. Niliwahi kuhudhuria kikao cha lishe hapo mjini. Chai ya saa nne ilikuja na sambusa mbili na yai, mchana kuku. Tulijadili udumavu huku tukijichokonoa meno. Halmashauri zinatakiwa kutenga shilingi 1,000 za lishe kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Sawa kabisa. Akifikisha sita anageuka nini, jiwe? Tangu wakuu wa mikoa waanze kusaini mikataba ya lishe, kila ofisi inataka rangi ya kijani, ile ya kufanya vizuri, kwenye kadi yake ya alama, na kijani ni rahisi kupatikana ukihesabu masufuria badala ya vinywa.

Jirani zetu Nairobi tangu 2023 wana mpango wao wa chakula cha shule, mzazi anatoa shilingi 5 za Kenya kwa sahani, zinazobaki zinabebwa na kaunti na wadau. Sisemi tuige. Wana matatizo yao. Nasema tu wao wamekubali kutaja kwamba sahani ina bei na kuna wa kuilipa, wakati sisi bado tunasema bila malipo kwenye jukwaa na debe moja kwenye kikao.

Jumatatu nilipeleka madebe mawili. Mwalimu wa stoo akaandika la kwanza kwa jina la mpwa wangu, akauliza la pili aliandike la nani. Nikamwambia la yule wa nyuma ya vyoo. Akanitazama, akafunga daftari, akaniomba niende kwanza kwa mwalimu mkuu, kwa sababu mtoto huyo ana mzazi wake na mzazi wake hajachanga.