Bahari Ghorofa ya Tatu

Baba mkwe wangu alikuwa mvuvi Msambweni tangu enzi za ngalawa za tanga mpaka vijana walipoanza kufunga mashine. Alipokuja Nairobi kutibiwa macho alifikia kwetu, South B, ghorofa ya tatu. Kitu cha kwanza alichokiona sebuleni, kwa macho hayo hayo yaliyomleta hospitali, ni tangi la kioo la lita 200 lenye maji ya chumvi, mawe, matumbawe laini, na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Akavuta kiti, akakaa mbele yao.

"Hawa wa kula?"

"Hapana, baba. Wa kutazama."

Akanyamaza kidogo. "Mimi nimewatazama miaka hamsini," akasema, "wala sijalipa."

Tangi hilo nililinunua kwa mzungu mmoja wa Lavington aliyehamishwa kazi na alikuwa anauza kila kitu mpaka mapazia. Lilikuja na taa, pampu, kifaa cha kujaza maji chenye swichi ya boya, kila kitu isipokuwa skima. Ya kwake ilikuwa imepasuka shingo. Na tangi la matumbawe bila skima utalifuga, lakini kwa kubadilisha maji mpaka mgongo upinde.

Mzee alitaka kujua hiyo skima ni mdudu gani. Nikamweleza kwamba kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula huyeyuka majini, yakishaoza hutoa amonia, amonia ikageuka nitriti, nitriti ikageuka nitrati, na hapo matumbawe yananuna. Skima huyawahi kabla hayajaoza. Inavuta maji, inayachanganya na hewa mpaka yanakuwa viputo vidogo sana. Protini na mafuta ya uchafu ule vina upande unaopenda maji na upande unaoyakimbia, kwa hiyo vinang'ang'ania ngozi ya kiputo na kupanda nacho. Ni lile povu la maharagwe linalopanda sufuriani, ila hapa wewe unaliombea lipande. Linapita kwenye shingo, linamwagikia kikombeni, nawe unakwenda kumwaga. Kwenye maji baridi yasiyo na chumvi viputo huwa vikubwa na huungana haraka, ndiyo maana mfugaji wa ngege wa Kiambu hana haja nayo.

"Yaani unanunua povu," akasema Mzee.

"Nanunua mashine ya kuengua povu."

"Kusi likivuma, pwani yote ya kwetu ni povu. Wimbi linapiga mwamba, taka za bahari zinapanda juu, asubuhi unalikuta ufuoni. Povu la Msambweni halina bei."

Kilichoniudhi ni kwamba alikuwa amesema sayansi yote, bila kosa, akiwa hajamaliza hata kikombe chake cha strungi. Ni kazi ile ile. Tofauti ni kwamba Nairobi iko takriban mita 1,795 juu ya usawa wa bahari na wimbi halipandi Mombasa Road. Tena huku juu hewa ni nyepesi, maji yanabeba oksijeni kidogo kuliko kule chini, na hayo mapovu ya skima yanawasaidia samaki kupumua. Hoja hiyo niliitoa kwa sauti kubwa. Mzee akaniuliza bei. Nikamtajia nusu yake, akaomba apelekwe akalale.

Basi nikaanza kutafuta.

Binamu yangu aliye Minnesota alisema atanitumia moja nzuri. Nzuri ilikuwa, lakini ya volti 120 na hezi 60, yaani mapigo 60 ya stima kwa sekunde, na stima yetu ni volti 240, hezi 50. Nikaenda Luthuli Avenue kuuliza transfoma. Kijana wa duka akaniwekea moja mezani kabla sijamaliza kusalimia. Nikamwambia hii itashusha volti, lakini hezi zitabaki 50, na pampu ya namna hii huzunguka kwa kufuata hezi, kwa hiyo itapoteza sehemu moja kati ya sita ya mwendo wake na itavuta hewa pungufu. Akanitazama kwa huruma. "Bosi," akasema, "hizo hezi zitazoea."

Nikapitia Kamukunji kwa fundi mmoja anayesifiwa kwamba hashindwi. Nilimchorea kwenye boksi: bomba la kusimama, shingo, kikombe juu. Akaelewa upesi kuliko nilivyotarajia.

"Nikuundie ya bati."

"Ni maji ya chumvi, fundi. Itakula kutu."

"Basi shaba. Shaba haili kutu."

"Shaba inaua konokono na kamba na matumbawe."

Akaweka nyundo chini. "Una konokono ndani ya nyumba?"

"Wanakula mwani."

"Na mke unaye?"

Nikamwambia ninaye. Akasema basi tungoje tuzungumze naye kwanza.

Nilitazama pia ile aina ya zamani inayotumia pampu ya hewa na kijiti cha mti chenye matundu madogo. Viputo vyake ni vizuri kwelikweli, ila kijiti kinaziba na kuoza, kila baada ya muda unatafuta kingine, na sikumjua muuza vijiti Nairobi. Siku hizi zinazopendwa ni zile ambazo pangaboi ya pampu ina miiba miiba ya kukatakata hewa. Dukani nilikuta moja imeandikwa inafaa tangi la hadi lita 1000. Muuzaji akasema chukua hiyo, kubwa haiozi. Lakini namba za kwenye boksi huandikwa kwa kuwaza tangi lenye samaki wachache, na skima kubwa mno kwenye tangi la samaki wawili inakosa uchafu wa kutosha kusimamisha povu mpaka shingoni. Inakaa tu ikinguruma. Unahesabu samaki na chakula unachowapa, ndipo unahesabu lita.

Aina bora kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ile inayokaa ndani ya tangi dogo la chini, kabatini, ambako hata ikitapika inajitapikia yenyewe. Lakini kabati la chini lina vikombe vya wageni vya mke wangu, Mama Imani, vile vya harusi, ambavyo havijawahi kunywewa na mgeni yeyote. Nilifungua mdomo kuomba nafasi hiyo. Nikaufunga. Ndivyo tulivyofikia uamuzi wa kitaalamu wa kununua skima ya kuning'inia nyuma ya tangi, kati ya kioo na ukuta.

Skima mpya huwa na mafuta ya kiwandani, kwa hiyo siku za mwanzo ilifanya vituko vyake: leo haitoi kitu, kesho inamwaga maji matupu. Hiyo ni kawaida mpaka ipate utando ndani. Kisha siku moja kikombe kikawa na kitu cheusi, kizito, chenye harufu iliyomtoa Mama Imani jikoni. Nilifurahi mno. Nilimwita Mzee aone.

Akakinusa. "Umeilipa pesa," akasema, "ikakupa hiki."

Jumapili tulipanga kumpeleka Majengo, Pumwani, kwa jamaa zake. Mzee huamka alfajiri kuswali, na akishaswali hana pa kwenda, kwa kuwa Nairobi haina ufuo. Akazunguka sebuleni. Akaona kikombe cha skima kina uchafu shingoni. Mtu aliyekulia kwenye chombo halali na uchafu chomboni. Akakichomoa, akakipeleka jikoni, akakisugua kwa stilwaya na sabuni ya vyombo mpaka kikang'aa. Na kwa vile alikuwa ameshatuona tunavyopima maji ya mgao kwa kikombe, akakisuuza kidogo tu, kwa adabu ya mgeni, akakirudisha mahali pake. Hakumwambia mtu. Alitaka nione mwenyewe nifurahi.

Sabuni na protini, mbele ya skima, ni ukoo mmoja. Zote hung'ang'ania kiputo. Tofauti ni kwamba sabuni, hata ile chembe iliyobaki kwenye mikwaruzo ya stilwaya, haijui kusimama.

Tulitoka saa tatu. Povu, kwa makisio yangu, lilijaza kikombe kabla hatujafika stendi. Likafuata maji ya tangi, yakashuka ukutani, yakaingia chini ya zulia. Waya za stima, nashukuru, nilikuwa nimezining'iniza zishuke kwanza ndipo zipande soketi, matone yakaishia sakafuni. Lakini kulikuwa na ile swichi ya boya. Kazi yake ni moja: maji yakipungua kwa kukauka, chumvi hubaki, basi yenyewe inaongeza maji yasiyo na chumvi kutoka kwenye pipa. Haiulizi maji yamekwenda wapi. Skima ikamwaga, boya likashuka, pipa likajaza. Skima ikamwaga tena. Vyombo viwili vikafanya kazi kwa ushirikiano mzuri ambao sijawahi kuuona katika kamati yoyote ya fleti yetu, mpaka pipa la lita 50 likakauka.

Simu yangu nilikuwa nimeisahau juu ya friji. Iliita peke yake hadi betri ikaisha.

Tuliporudi, ngazi za ghorofa ya pili zilikuwa zimejaa akina mama wenye vitenge vya sare. Mama Kevo, anayekaa chini yetu, alikuwa mwenyeji wa chama siku hiyo. Mbele yao alisimama keateka na mopu begani.

"Baba Imani," akasema, "choo chako kimepasuka."

"Choo changu kiko upande wa pili."

"Hiyo ni mkojo. Nimeonja."

Kukawa kimya. Hata Mama Kevo alionekana hakuwa amepata habari hiyo.

"Nimekuwa keateka miaka mingi," akaeleza, akijitetea. "Maji yakivuja lazima ujue ni ya bomba au ya wapi. Nimeweka kidole, nimeonja. Ni chumvi. Ni ya kahawia. Na inanuka."

"Tena ina povu," akaongeza mama mmoja ambaye, nilikuja kuambiwa, ni nesi. Akanisogelea, akanitazama chini ya macho, akanishika mkono. "Baba Imani, mkojo wenye povu una protini. Hizo ni figo. Umepimwa lini?"

"Protini!" nikapiga kelele kwa furaha ya mtu aliyeeleweka. "Ndiyo, ni protini! Nimenunua mashine ya kuitoa!"

Nesi akamgeukia Mama Imani taratibu. "Pole, mama. Kumbe mnamsafishia nyumbani."

"Na ni mtu mmoja huyu," akanong'ona mwingine akitazama juu darini, "amejaza dari lote?"

Nikafungua mlango. Zulia lilikuwa linaelea pembe moja. Ukutani povu jeupe lilikuwa bado linateremka polepole, na skima ilinguruma kwa bidii, kikombe chake kiking'aa kuliko siku iliyotoka dukani. Samaki wawili walikuwa wanatutazama. Nikang'oa plagi, nikawaeleza wote, kuanzia amonia. Nilipofika kwenye kinyesi cha samaki, keateka aliinua mkono.

"Rudia hapo."

"Ni maji ya bahari tu, yana... yana mabaki ya chakula. Na kinyesi. Kidogo."

"Cha samaki."

"Cha samaki. Na konokono."

Akaenda moja kwa moja jikoni kufungua bomba. Bomba lilikohoa. Jumapili hatuna mgao. Akakimbilia pipa. Pipa, kama mnavyokumbuka, lilikuwa limeshuka lote kwa Mama Kevo. Mwisho Mzee alimmiminia strungi kutoka kwenye chupa yake aliyokwenda nayo Majengo, akasukutua nayo sinki zima, karafuu na tangawizi zote.

"Nani alikigusa kikombe?" akauliza Mama Imani.

"Nilikiosha," akajibu Mzee, ametulia. "Kilikuwa kichafu." Kisha akalitazama povu lililofika katikati ya ukuta, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hili sasa ni povu. Lile la kwanza ulipunjwa."

Hasara ya kwetu ilikuwa ndogo kuliko nilivyoogopa. Chumvi ya tangi, kwa kipimo cha uzito wa maji yake dhidi ya maji matupu, ilishuka kutoka 1.025 hadi 1.020, nami nikaipandisha pole pole, kila yanapokauka maji najaza ya chumvi badala ya matupu, kwa kuwa kuirudisha ghafla ni kuwaua samaki mara ya pili. Nikabadilisha maji, nikaweka mkaa wa kuchujia unyonye sabuni. Matumbawe yalijikunja siku kadhaa, kisha yakasamehe. Skima iliendelea kutapika kila ilipowashwa, mpaka sabuni ilipokwisha.

Hasara kubwa ilikuwa chini. Tone la kwanza lilianguka kwenye pilau, nao wakala na kumsifu mpishi. La pili lilianguka kwenye daftari la mikopo, lililoandikwa kwa kalamu ya wino wa maji, kurasa za mwezi mzima zikawa bluu tupu. Mikutano ya kukumbushana nani alikopa nini bado inaendelea, na nasikia kumbukumbu ni nzuri kwa wanaodai na mbaya kwa wanaodaiwa. Mama mmoja ambaye sikuwa namfahamu kabisa hunisimamisha siku hizi getini, ananisalimia kwa mikono miwili, anauliza hali ya samaki, na anataka kujua kama ile mashine nimeitengeneza au bado ina tabia ile ile.

Landilodi hakuja. Alituma karatasi, keateka akaibandika kwenye lango la chini, pembeni ya ile ya takataka: NI MARUFUKU KUOSHA MAGARI, KUFUGA MBWA, KUKU NA BAHARI. Mama Imani ameandika chini yake kwa kalamu akiuliza kuhusu ziwa.