Kamera ya mzee haikufa, ilifungiwa kufuli ya plastiki

Ukipeleka kitu cha zamani kwa fundi hapa Nairobi, kabla hata hajakishika vizuri anakwambia "hii betri yake haitoki siku hizi, boss", na hapo stori imeisha, unarudisha kitu chako kwa karatasi unapanda mathree unaenda nyumbani. Mimi hayo maneno nimeambiwa mara nne mwaka huu, Luthuli mara tatu na Ngara mara moja, na nimefika mahali nayakataa. Si ati fundi ananidanganya, yeye mwenyewe anaamini. Lakini betri inatoka kila siku, iko kwa kila duka kutoka Luthuli mpaka Kirinyaga Road. Kitu hakitoki ni lile ganda la plastiki lenye umbo la ajabu ajabu, na hizo ni vitu viwili tofauti kabisa.

Kitu chenyewe ni kamera ya video ya mzee wangu, zile za kaseti ndogo za 8mm za miaka ya tisini, ile unaweka begani kidogo unafumba jicho moja. Alinunua akawa mpiga picha wa ukoo mzima bila kuulizwa. Harusi, ruracio (ile ya mahari), mazishi, kuku wakikula tu, kila kitu kikaingia kwa kaseti. Adapta yake ya ukutani ilipotea tulipohama Buruburu na kaseti 14 zikabaki kwa kabati. Na msinipeleke kwa wale watu wa kuhamisha kanda za VHS, nimeenda, wengi wanadhani kuna kile kikaseti kikubwa unatumbukiza hii ndogo ndani kisha unaweka kwa deki. Hakuna. Hicho ni cha VHS-C, mdogo wake VHS, hii ya 8mm ni familia nyingine kabisa na mkanda wenyewe ni mwembamba kuliko wa VHS, kwa hivyo bila kamera ama deki yake hizo kaseti ni plastiki tu. Sasa unaelewa kwa nini nilikuwa na kiburi cha kutafuta hiyo betri.

Pakiti yake imeandikwa 6V. Nikaichokora kwa kisu cha jikoni pale kwa mshono, pole pole juu plastiki ya zamani inavunjika kama biskuti, na ndani nikapata seli tano tu zimefungwa mstari, nikeli-kadimiamu, kila moja volti 1.2. Tano mara 1.2 ni 6. Hiyo ndio siri yote ya "betri haitoki siku hizi". Mbili zilikuwa zimetoa unga mweupe. Huo unga usiushike ovyo, ni alkali, nilipangusa na maji ya ndimu kwa kitambaa na ukachemka kidogo ukaisha.

Volti 1.2 kwa seli, hiyo namba si unaijua? Ni ile ile ya betri za AA za kuchaji, za nikeli-haidraidi, zile watu wanaweka kwa flashi na maiki za kanisa. Yaani hiyo kamera ingeweza kutumia AA tano za kuchaji tangu siku ya kwanza, lakini waliotengeneza waliamua kuchukua seli za unene wao, wakazifunga kwa ganda lao lenye meno yao, ili ikiisha urudi kwao. Na wao wakaacha kutengeneza ganda. Kufuli ikabaki, mwenye ufunguo akaenda zake.

Nilipomwambia fundi mmoja nataka kutengeneza mwenyewe akaniambia weka mbili za laptop, ziko na moto sana. Ni kweli ziko na moto, ndio shida. Ile seli ya laptop, 18650 (18 ni upana kwa milimita, 65 ni urefu), ikijaa inafika volti 4.2, mbili ni 8.4, na hii kamera imezoea 6. Ukiweka moja unapata 3.7, haiwaki. Kwa hivyo lazima uongeze saketi ya kushusha volti, na saketi ya kulinda seli zisishuke sana wala kujaa kupita kiasi, na chaja yake mwenyewe, juu ukizichaji na ile chaja ya zamani ya kadimiamu utaita majirani waje na mchanga. Sisemi lithiamu ni mbaya. Sony walipoanza kuuza betri za lithiamu za kuchaji mwaka wa 1991 waliziweka kwa kamera ya video, hii hii jamii ya kamera ninayoongelea, na wanasayansi watatu wakapewa Nobel ya 2019 kwa hiyo kazi. Nasema tu kwamba kitu kilichozaliwa na volti 6 za nikeli kipe nikeli. Na mwenye anataka kuniambia powerbenki, ile ya kawaida inatoa 5 na hii kamera kwa 5 ndio inalala.

Sasa aibu yangu. Nilienda duka moja nikanunua AA tano za kuchaji zimeandikwa 4800mAh (hiyo mAh ni kipimo cha moto betri inaweza kubeba), bei poa sana, nikatoka nikicheka. Holda ya betri tano sikuipata, nilipata ya nne na ya moja, kwa hivyo nikaunganisha hizo mbili, waya nikaupitisha mpaka kwa kile kipande cha ganda la zamani chenye vichwa vya shaba ambacho nilikihifadhi, nikakirudisha kwa mgongo wa kamera kikaingia tap! Taa ikawaka. Nikaita watu wote wa nyumba. Nikabonyeza play, mota ikaanza kuzungusha kaseti, kamera ikazima. Nikarudia, ikazima. Mamangu akasema "haya basi" akarudi kwa maharagwe yake.

Testa ndio ilinitoa. Kamera ikiwa imetulia pakiti inasoma 6.5, mota ikivuta tu inaanguka chini ya 5. Hizo betri zilikuwa na volti ya kuonyesha wageni. Nikashuka kwa duka la nafaka pale chini ya ploti yetu, lile lenye mizani ya dijitali, nikamwomba mwenye duka anipimie betri, akaniangalia vile mtu anaangalia mgonjwa lakini akapima. Zote tano, gramu 81. Yaani 16 kila moja. Nikapanda juu nikatoa betri nne za flashi yangu, zilizoandikwa 2000 tu bila kelele, nikarudi. "Umerudi tena na mawe yako?" Gramu 107, karibu 27 kila moja.

Hapo ndio nilielewa. Lebo unaweza kuchapisha chochote lakini uzito utautoa wapi? AA ya kweli ya nikeli inakaa kwa gramu 26 mpaka 30 na mwisho wake ni kama 2700 ama 2800mAh, hakuna 4800 dunia hii. Hata hizo 18650 za tochi zimeandikwa 9900, ya kweli ni karibu 3500 na inakaribia gramu 45, ukiishika kwa mkono tu unasikia. Sasa nikienda kununua betri nabeba kamizani kadogo, kale ka kupimia unga wa keki, na wauzaji wawili washaniambia niende mbele na mizani yangu. Naenda mbele. Duka la tatu jamaa alicheka akatoa katoni ya nyuma, si ile ya mbele.

Na betri za kawaida zisizochajiwa je, zile za remote? Nilijaribu pia, ni volti 1.5 kwa hivyo kwa karatasi ni nzuri zaidi, lakini hii mota inavuta karibu ampea moja na hizo hazijazoea kukimbia, ni za kutembea. Zilidumu dakika chache.

Nilipoweka AA za kweli, kaseti ikazunguka. Lakini bado ile alama ya betri kuisha ilikuwa inapepesa, ikanisumbua siku mbili nzima, kumbe ni holda. Zile springi zake ni chuma hafifu na waya wake ni kama nywele, kwa saa ya ukutani sawa, kwa ampea moja unapoteza nusu volti njiani bila kupata kitu. Nikakata waya zote nikaweka nene ya spika, na kwa kila springi nikapitisha kipande cha waya wa shaba kutoka juu mpaka chini nikakisolda, moto usipite kwa chuma. Alama ikaacha kupepesa. Niliongeza fyuzi ya ampea 3 kwa waya wa chanya na hiyo naomba usiiruke hata kama una haraka, betri tano za nikeli zikigusana waya kwa waya zinayeyusha plastiki kabla hujajua ni nini kinanuka.

Inakaa vibaya, nakubali. Pakiti inaning'inia kwa mkanda wa kamera kwa velkro kama kinyonga. Lakini nikimaliza natoa betri zote tano kwa mkono, natupa kwa chaja ya AA ya ukutani inayochaji kila moja kivyake, na ile dhaifu najua ni gani. Kwa pakiti ya kufungwa dhaifu inajificha, wenzake wanaisukuma mpaka inageuka chanya ikawa hasi, unaua zote juu ya moja. Mwaka 2040 mtu akiitaka hii kamera atanunua AA. Ukitengeneza pakiti ya kuchomelewa kwa ganda lile lile la zamani, ndio, itapendeza, lakini umejenga kufuli upya kwa mikono yako.

Ulaya walipitisha sheria 2023 kwamba kuanzia Februari 2027 betri ya kifaa cha kubeba lazima mwenyewe aweze kuitoa na kuibadilisha. Mimi nimefurahi kwa ubinafsi wangu, juu vitu vyao vikichoka ndio vinakuja kwetu kwa makontena, kwa hivyo kama 2037 hivi tutaanza kufungua simu hapa Luthuli bila kuzipasha moto kwanza ndio gundi iachie.

Kaseti ya kwanza ilicheza saa moja na kitu bila kuzima. Ilikuwa harusi ya shangazi, 1994, na nusu yake mzee amepiga viatu vya watu juu alisahau kuzima kamera akiwa anatembea, tunasikia tu akimwambia mtu "hii mashine ni ghali, usiiguse". Mamangu alikaa akaangalia viatu vyote mpaka mwisho, akitaja vya nani ni vya nani.

Zile seli tano za zamani bado ziko kwa mkebe wa Blue Band juu ya friji. Kadimiamu ni sumu na sitaki iende jalala la Dandora na takataka za ploti, nitazipeleka WEEE Centre, wale wa taka za elektroniki, Jumamosi nikipata wa kwenda naye. Na zile AA za gramu 16 nazo ziko, moja inaendesha saa ya jikoni. Hiyo kazi inaiweza.