Mtoto wa kulea, mchezo na kazi za nyumbani: huku na kwetu

Hapa England ninawalea kwa muda watoto ambao haiwezekani wakae na wazazi wao, na swali ninaloulizwa zaidi na ndugu walioko Tanzania ni kama watoto hao wanapata masomo ya ziada. Wanapata, lakini sioni kwamba hayo ndiyo yanayowainua. Mtoto aliyehamishwa nyumba hadi nyumba huwa na mapengo ambayo daftari haliyafikii: pengine hajazoea kusubiri zamu yake, wala hana hakika kwamba mtu mzima akitoka atarudi.

Chukua mchezo wa kujificha. Mtoto anajibanza nyuma ya pazia, miguu yote nje, nami napita mbele yake nikilalamika kwa sauti kwamba jikoni hayupo, chini ya kitanda hayupo, hadi kicheko kimponyoke. Akishapatikana anataka tuanze upya, tena na tena, hata pale ambapo mtu mwenye shughuli zake angekuwa amekwishachoka. Kwa umri wake huo ni mchezo wa kitoto mno, lakini siukatizi, kwa kuwa anachohakikisha ni kwamba akipotea atatafutwa. Kazi ndogondogo nazo zina somo lake. Anayepanga soksi jozi jozi analinganisha na kuhesabu, na anayepima maji kwa kikombe anaijua nusu na robo kabla mwalimu hajaziandika ubaoni, mradi mtu mzima awe karibu akizungumza naye, asigeuze kila kikombe kuwa mtihani.

Huku kila mwanafunzi aliye chini ya uangalizi wa halmashauri ana mpango wake wa elimu unaopitiwa kila muhula, na sheria ya mwaka 2014 inaitaka kila halmashauri iwe na ofisa wa kufuatilia maendeleo ya watoto hao shuleni. Utaratibu huo nauheshimu. Kinachonichosha ni tahadhari iliyopitiliza, kwani mlezi ambaye hakukabidhiwa madaraka ya kuamua hulazimika kuomba ruhusa kwa jambo ambalo mzazi angelimaliza pale pale mlangoni.

Kwetu kikwazo ni kingine kabisa. Watoto wa kucheza nao hawakosekani, na ndugu humpokea mtoto bila faili wala kikao, jambo ambalo wenzetu wa huku hulistaajabia. Hata hivyo, mara nyingi aliyepokelewa ndiye anayeosha vyombo huku watoto wa mwenye nyumba wakicheza nje, na hapo anachojifunza ni nafasi yake tu katika nyumba ile. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinataja kucheza na kupumzika pamoja na chakula, mavazi, matibabu na elimu, lakini wengi wetu bado tunauhesabu mchezo kuwa uvivu, hasa ukichezwa na mtoto tusiyemzaa. Kipimo changu ni chepesi: ikiwa uliyemzaa anafanya kazi ileile kwa zamu, nawe uko hapo mnaongea, hayo ni malezi, ikiwa anafanya wa kulea peke yake ili alipie ugali wake, huo ni utumishi, hata kama unamwita mwanangu.

Kwa hiyo ningependa afisa ustawi wa jamii anayekagua nyumba yenye malezi ya kambo, yaani yenye mtoto wa kulea, asiishie kuuliza kama mtoto anakula na kama anakwenda shule, bali aulize pia jana alicheza nini, na nani alicheza naye.