Faini moja, mifuko miwili

Kila msako wa madereva walevi unaporudi barabarani Kenya, madai huwa yale yale: wafungwe, faini ipandishwe. Yana haki yake. Zaidi ya watu 4,000 hufa barabarani nchini kila mwaka, na kundi kubwa zaidi ni la waenda kwa miguu. Hata kama si vifo vyote vinatokana na pombe, mzazi aliyezika mtoto kwa sababu ya dereva mlevi hatakiwi kuambiwa alegeze moyo. Aliyeua, kifungu cha 46 cha Sheria ya Trafiki kinaruhusu afungwe hadi miaka 10, na sijasikia sababu ya kukigusa.

Wanaodai adhabu ipimwe, hata hivyo, huchukuliwa kama watetezi wa walevi, na huko ni kuwaonea. Wanazungumzia zaidi aliyenaswa kabla hajaumiza mtu. Kifungu cha 44 kinamtoza faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Tuseme hakimu ametoza 20,000. Mwenye Prado analipa kwa simu na kurudi ofisini. Mwendesha bodaboda hana. Kanuni ya Adhabu inasema faini ya kiasi hicho isipolipwa, mtu anaweza kufungwa hadi miezi 6. Pikipiki ya mkopo inachukuliwa, watoto wanarudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Walikunywa sawa, wakanaswa kizuizi kimoja. Miezi ile 6 haikutokana na pombe, imetokana na umaskini wake. Mwenzake naye ameonyeshwa kwamba kuendesha amelewa kuna bei, na bei hiyo anaimudu. Ijumaa ijayo nini kitamzuia?

Finland hupima faini kwa kipato cha siku. Mwaka 2023 tajiri Anders Wiklöf alitozwa euro 121,000 kwa kwenda kilomita 82 kwa saa palipotakiwa 50. Wapinzani wanauliza: mtu wa jua kali asiye na hati ya mshahara atapimwaje, na tajiri anayeficha mapato je? Hoja hiyo ni nzito, na kwa Kenya ya leo sioni jibu lake.

Ndiyo maana naona leseni ingetangulia pesa. Mwenye Prado akinyang'anywa leseni mwaka mzima ataajiri dereva, na hicho ndicho tunachotaka: asishike usukani. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 1998 nayo inaruhusu makosa yenye kifungo kisichozidi miaka 3 yalipiwe kwa kazi ya umma, na saa za kufagia hospitali ya kaunti hazinunuliki kwa simu. Kwa anayeishi kwa kuendesha, kupoteza leseni kutauma kuliko kwa yeyote. Kosa likiwa la kwanza na hakuna aliyejeruhiwa, muda wake ufupishwe, lakini usifutwe, maana naye hubeba abiria.